Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: vidonge, choo na mbalamwezi

Wazee wangu, mama zangu wa vichanjani na vijana wa mitumbwini, habari za tangu mkutano uliopita.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, sitamwingilia. Mimi nitazungumzia mfuko wetu wa afya, maana ndio uliotugombanisha mwaka mzima. Mfuko ni mdogo, kichocho ni kikubwa.

Wengine mlisema: dawa ni ya bure, tunajadili nini? Kweli, tangu 2007 kampuni ya Merck imekuwa ikitoa vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, kama msaada kupitia Shirika la Afya Duniani. Lakini mvuvi wa dagaa akiitwa zahanati asubuhi, ametoka ziwani alfajiri, hajalala wala hajala. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vikubwa, tena vichungu. Akivimeza na njaa, kizunguzungu na kichefuchefu vinamlaza, na usiku haingii ziwani. Usiku huo ndio bei ya dawa ya bure, na sijauona kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kisha hofu husambaa. Mnakumbuka Morogoro 2008, watoto walipojisikia vibaya baada ya kumezeshwa dawa shuleni, fujo zikazuka.

Kwa nini tusiwaachie watoto tu dawa hiyo? Kwa sababu dawa huua minyoo iliyokomaa, haizuii kuambukizwa upya. Mtoto anatibiwa leo, baba yake anajisaidia kwenye matete kesho, mayai yanaingia majini, yanaangua, vimelea vinapitia kwa konokono, mtoto anaoga navyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba penye maambukizi ya kuanzia asilimia 10, wapewe wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Ndiyo sisi hao.

Suluhisho halikutoka kwenye kamati, nakiri. Mama mmoja mwanika dagaa alisimama akauliza: "Mbalamwezi ikiwaka, hawa wanaume si wanacheza bao tu?" Kila mtu akacheka, kisha kimya. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala mwaloni. Tukaiomba zahanati isogeze siku ya dawa iangukie hapo, na sisi tukapika uji, kila mtu anywe kabla ya kumeza. Gharama yetu ikawa unga, sukari na kuni. Hakuna aliyepoteza usiku wa kazi.

Choo cha mwalo ndicho kinachonikosesha usingizi. Kukijenga ni ghali kuliko uji wa miaka mingi, na maji ya ziwa yalivyopanda 2020 yalitufundisha kutochimba shimo karibu na ufukwe. Tumekijenga juu, mbali kidogo. Tukaweka kiingilio ili kijilipie usafi. Hesabu ilikubali kwenye karatasi. Mwaloni, asiye na sarafu alirudi kwenye matete, na huyo ndiye tuliyemjengea! Choo kinachoingiza fedha na kuacha mayai ya kichocho yaende ziwani kinatuletea hasara, hata kama daftari linaonyesha faida.

Kamati imependekeza kiingilio kifutwe, msafishaji alipwe kutoka kwenye mchango wa kila mtumbwi. Mweka hazina anapinga. Anasema cha bure hakitunzwi, na mwaka jana ndoo 2 za choo ziliibwa, sina jibu la hilo. Mtapiga kura leo baada ya chakula.

Siku ya vidonge itakuwa tena mwezi ukipevuka. Uji safari hii ni wa ulezi. Ule wa mahindi uliungua, na lawama zote zilinijia mimi.

Mwenyekiti wenu