Shukrani kwa yule mzee wa Ajanta

Jamani naomba nimshukuru mtu ambaye jina lake sikulipata. Tulikuwa India kwa matibabu ya mama, alipopata nafuu akaomba tukayaone mapango ya Ajanta kabla ya kurudi Dar, yako kama 30, yamechongwa mwambani kwa ajili ya watawa wa Kibudha na ya mwanzo yana zaidi ya miaka 2,000. Sasa kwenye ngazi magoti ya mama yakagoma, jua kali, kizunguzungu, akakaa chini anatetemeka na watu wanapita tu.

Huyu mzee, mwenyeji wa huko, alishatupita akarudi. Akamsogeza kivulini, akakoroga ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwenye chupa yake akamnywesha kidogo kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuwaita vijana wanaobeba watu kwa kiti, akapatana nao bei ya wenyeji. Na hakuondoka! Pango namba 1 alitusimamisha mpaka macho yakazoea giza, ndo tukamwona ukutani Padmapani, mtakatifu wa Kibudha aliyechorwa na ua lake la yungiyungi, macho kainamisha, rangi za karne ya 5 hizo, ndo maana flashi ni marufuku. Pango namba 26 kuna sanamu ya Buddha kalala akifariki, urefu kama mita 7, chini wafuasi wanamlilia. Mama alikaa sana pale, baba tumemzika juzijuzi tu. Mzee akasubiri nje bila kumharakisha, na pesa alikataa.

Mkimkuta mtu kakaa kwenye ngazi hivyo msipite, muulizeni kama amekunywa maji. Mzee wangu, mama anakusalimia sana, magoti yanaendelea vizuri.