Msitupe "agape" bila sentensi yake

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa lugha ya Jumapili iliyopita nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Mwandishi anatueleza kwamba Kiingereza ni lugha maskini kwa kuwa kina neno moja tu la upendo, "love", ambalo mtu hulitumia kwa Mungu, kwa mkewe, kwa mtoto wake na hata kwa timu ya mpira. Wagiriki wa kale, anasema, walikuwa na maneno manne na kila moja lilikaa chumbani kwake: agape ni upendo wa Kimungu usio na masharti, philia ni wa marafiki, eros ni wa mwili, storge ni wa ndugu wa damu. Kutoka hapo akafikia hukumu kwamba kila neno la Kigiriki lilikuwa na maana yake moja iliyo wazi, na kwamba maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi ni fujo tu.

Mimi ni mfasiri. Kwa miaka 27 nimeishi kwa kutafsiri nyaraka za Kiingereza. Kigiriki cha kale nilianza kujifunza nikiwa na miaka 43, usiku watoto wakishalala, kwa kamusi ya Liddell na Scott ambayo hata mgongo ilikuwa imeshang'oka. Sifundishi chuo kikuu. Ila nimezisoma sentensi zenyewe, na haya ninayoyaandika msomaji yeyote anaweza kufungua kitabu akayakuta.

Nianze na agape, maana ndilo linalotajwa zaidi. Katika Septuaginta, ile tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iliyoanza kufanywa karne ya 3 KK, kipo kisa cha Amnoni na Tamari, katika 2 Samweli sura ya 13. Amnoni anajifanya mgonjwa, anaomba dada yake wa baba mmoja aje kumpikia, kisha anamshika kwa nguvu na kumbaka. Akishamaliza anamchukia. Mstari wa 15 unasema chuki hiyo ilikuwa kubwa kuliko upendo aliokuwa amempenda nao. Upendo huo kwa Kigiriki umeandikwa agape, na kitenzi kilichofuata ni agapao. Namwomba mwandishi ausome mstari huo polepole, kisha atuambie ni upendo gani wa Kimungu ulio ndani yake.

Na huo si mstari mmoja uliopotea njia. Katika Injili ya Yohana 3:19 watu walipenda giza kuliko nuru; kitenzi ni agapao. Dema anamwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu wa sasa, 2 Timotheo 4:10, agapao tena. Yohana huyo huyo anasema katika 3:35 kwamba Baba anampenda Mwana, akitumia agapao, kisha katika 5:20 anasema Baba anampenda Mwana, akitumia phileo, kitenzi cha philia. Kama vyumba vile vinne vingekuwa na kuta, Yohana asingepita kutoka kimoja hadi kingine bila hata kubisha hodi. Nikirudi nyuma zaidi, kwa waandishi wa Athene, naikuta agapao ikiwa na maana ya kuridhika na kidogo ulichokipata, kama mtu anavyosema basi, hiki kinatosha.

Phileo nayo ina mambo. Yuda anapowapa wale askari ishara ya mtu wa kumkamata, anawaambia ni yule atakayembusu, na neno alilotumia ni phileo. Kupenda na kubusu vimo katika kitenzi kimoja, na wakati ule kitenzi hicho kilikuwa kinauza mtu. Kwa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, phileo mara nyingi ni kumpokea mgeni na kumtunza. Katika kitabu cha 6 cha utenzi wake, Iliad, anauawa mtu aitwaye Axylus wa Arisbe, tajiri, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya njia na kila apitaye alipokewa. Homer anasema aliwapenda wote, yaani aliwakaribisha wote, kisha anaongeza kwamba siku ile hakuna hata mmoja wao aliyesimama mbele yake kumkinga. Kila ninapofika hapo husimama kidogo. Ukiweka kwenye jedwali kwamba phileo ni urafiki, Axylus na nyumba yake ya kando ya njia wanapotea. Na bado phileo inaweza kuwa ni mazoea tu, kufanya jambo mara kwa mara, kama mwanafalsafa Heraclitus anaposema kwamba asili ya vitu hupenda kujificha.

Eros, eti mapenzi ya mwili. Mashujaa wa Homer wakishashiba, mshairi husema wameondoa eros ya chakula na kinywaji. Na mwaka 415 KK, Waathene walipokuwa wakijadili kuivamia Sicily, mwanahistoria Thucydides anaandika kwamba eros iliwaangukia wote kwa pamoja, wazee kwa vijana, eros ya kupanda merikebu na kwenda. Jeshi lile liliangamizwa. Storge sina la kusema sana, ni neno adimu, ila kitenzi chake, stergo, pamoja na kupenda kinabeba pia maana ya kuvumilia lililokufika.

Kwa nini basi fundisho la vyumba vinne limetuingia kiasi hiki? Nadhani ni kwa sababu ya namna tunavyokutana na lugha hizi. Kiingereza tunakikuta kinatembea: kwenye redio, kwenye mkataba, mdomoni mwa mtu mwenye hasira. Kigiriki tunakikuta kimelazwa kwenye orodha nyuma ya kitabu, neno upande huu, maana upande ule, na katikati mstari ulionyooka. Lakini orodha ile ilichotwa kwenye bahari. Liddell na Scott walitoa kamusi yao Oxford mwaka 1843, na kazi ya kuisahihisha na kuipanua ikaendelea hadi toleo la 9 lilipokamilika mwaka 1940. Fungua humo neno logos: maana zake zinajaza safu baada ya safu.

Nikae kidogo kwenye logos, kwa kuwa hapa sisi wa Kiswahili tuna bahati. Kila mtu anajua kwamba Injili ya Yohana inaanza na Neno. Ila logos hiyo hiyo, katika Mathayo 25, ni hesabu ambayo bwana anaifanya na watumishi wake aliowaachia talanta. Athene kulikuwa na maofisa kumi walioitwa logistai, wakaguzi wa hesabu za viongozi waliomaliza muda wao. Kwa Euclid, mwanahisabati wao, logos ni uwiano wa kiasi kimoja kwa kingine. Kwa wanafalsafa ni akili inayotoa sababu. Na katika Matendo 19, mafundi wa fedha wa Efeso wanapofanya ghasia, karani wa mji anawaambia kama Demetrio na wenzake wana logos dhidi ya mtu, mahakama zipo. Hapo ni malalamiko, ni shauri. Mwingereza hawezi kuweka "word" hapo akaeleweka. Sisi tunasema wana neno na mtu, na inakaa sawasawa, kwa kuwa neno letu nalo si tamko tu: sina neno, si neno, kuna neno gani hapo nje? Bado halifiki kwenye hesabu wala kwenye uwiano. Lakini ukilisikia Kiswahili chako vizuri huwezi kushangaa kwamba Wagiriki nao walitumia neno moja kwa mengi.

Sasa Kiingereza, kinachoitwa maskini. Wahariri wa kamusi kuu ya Oxford, walipokipitia upya kitenzi "run", walitenga maana 645. Mtu anakimbia, mto unatiririka, mashine inafanya kazi, pua inatoa kamasi, rangi inachujuka, mgombea anasimama katika uchaguzi, basi lina safari zake, mwenye duka analiendesha: kote ni "run". Wala usidhani ni takataka zilizorundikwa. Chukua "spring". Mwanzo ni kuruka, kuchomoka ghafla. Maji yanayochomoka ardhini yakaitwa hivyo, yaani chemchemi; majira ambayo majani huchomoka yakaitwa hivyo; chuma kilichosokotwa ambacho ukikibana kinaruka kikaitwa hivyo. Shina moja, matawi matatu, na kila tawi ukilifuata linakurudisha kwenye shina. Hata "fast", ambayo ni haraka na pia ni kukazwa pasipo kuyumba, ina njia yake: kushika kwa nguvu, kisha kufanya kwa nguvu, kisha kukimbia kwa nguvu, kisha kasi. Kufunga chakula, nako "fast", kumetoka kwenye kushika imara huko huko.

Yapo pia maneno yaliyogongana tu njiani. "Date" ya kalenda ilitoka Kilatini, kwenye neno la kilichotolewa, kwa jinsi barua zilivyokuwa zikiandikwa siku zilipotolewa. "Date" ya tende ilitoka kwa Wagiriki, kwenye daktylos, kidole. Hizo ni mbili zilizovaa nguo moja, na ni jambo tofauti na "spring". Makala yenu ilizichanganya aina hizi mbili na kuziita zote fujo.

Naongea kwa uchungu kwa sababu kosa la neno moja maana moja niliwahi kulifanya, na aliyelilipia ni mtu mwingine. Mwaka wangu wa nne kazini nililetewa kumbukumbu za vikao vya taasisi moja. Palikuwa na sentensi iliyosema bodi "sanctioned" malipo fulani. Siku hizo neno hilo nililisikia kila jioni kwenye habari za nchi zilizowekewa vikwazo, nikaandika kwamba bodi iliyawekea vikwazo malipo hayo. Kumbe bodi iliyaidhinisha. Mhasibu aliyelipa aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kujibu kwa nini alitoa fedha zilizozuiwa, na zilipita siku kumi na moja kabla mtu hajailinganisha tafsiri yangu na asili yake. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: hukuiona sentensi iliyofuata? Sentensi iliyofuata ilitaja tarehe fedha zilipotumwa. Ilikuwa pale, chini ya kidole changu.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba maana zote mbili za neno lile ni za halali na zina mzizi mmoja, kitenzi cha Kilatini cha kuitia sheria nguvu ya utakatifu. Sheria ikishatiwa nguvu, inaruhusu, na anayeivunja inamwadhibu. Mzizi usingeniokoa. Sentensi ya pili ingeniokoa.

Wakati mwingine, Ndugu Mhariri, hata sentensi haichagui, kwa kuwa aliyeiandika anazitaka maana zote mbili. Katika Yohana sura ya 3, Yesu anamwambia Nikodemo kwamba lazima mtu azaliwe anothen. Neno hilo ni tena, na ni kutoka juu. Nikodemo anashika ile ya kwanza na kuuliza kama mtu mzima anaweza kurudi tumboni mwa mama yake. Mbele kidogo, katika mstari wa 31 wa sura hiyo hiyo, anayekuja kutoka juu anakuja anothen. Mazungumzo yote yamejengwa juu ya neno hilo kuwa na milango miwili na Nikodemo kuingia kwa mmoja. Biblia yetu imeandika kuzaliwa mara ya pili, na sitamlaumu aliyeandika hivyo, maana Kiswahili hakina neno moja lenye milango hiyo miwili. Ilimbidi achague, na kwa kuchagua nusu ya mazungumzo ikabaki ng'ambo. Kama Kigiriki kingekuwa lugha ya neno moja maana moja, mazungumzo yale yasingewezekana kabisa.

Ombi langu kwa ukurasa wenu ni dogo. Mkitaka kutufundisha neno la Kigiriki, au la Kiingereza, tupeni kwanza sentensi mbili tatu ambamo lilitumiwa, na mtaje ziko wapi, ndipo mtupe maana. Nafasi haitakuwa tatizo. Lile jedwali la pendo nne lilichukua robo ukurasa, na ndani yake hamkuwa na sentensi hata moja. Na kwa mwandishi wa makala, ambaye naamini anazipenda lugha hizi kama ninavyozipenda mimi, nasubiri jibu lake kuhusu 2 Samweli 13:15.

Wenu,
Mfasiri na msomaji wenu wa miaka mingi