Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakulima wa Karafuu, Pemba

Assalamu alaykum wanachama wenzangu,

Katiba yetu inanitaka nieleze kazi za kamati kwa mwaka mzima. Vikao vimefanyika, kumbukumbu anazo katibu, na hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililotugawa mwaka huu: baadhi yetu wanataka chama kianze kutengeneza mafuta ya karafuu na kuyauza kama dawa.

Hoja wanayo. Jino likiuma, karafuu iliyopondwa hutuliza maumivu, na bibi zetu hawakungoja mtu awafundishe. Kinachotia ganzi ni eujenoli, ambayo kwa kawaida ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki wakaziba jino kwa muda. Wafugaji wa samaki nao huyatumia mafuta haya kuwalewesha samaki wanapotaka kuwashika bila kuwaumiza. Ndiyo maana mwanachama mmoja aliuliza kikaoni: kwa nini tuuze gunia zima, kisha twende dukani kununua kichupa?

Kamati imelikataa pendekezo hilo kwa sasa. Mafuta safi ya karafuu ni makali. Yanaunguza fizi, na mtoto mdogo akiyanywa, hata kidogo tu, ini lake linaweza kuharibika. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye ajihadhari. Kuweka jina la chama kwenye kichupa kisichopimwa wala kusajiliwa ni kujitafutia kesi. Aliyeandika kwenye lebo ya majaribio kwamba karafuu inaponya sukari na presha nimemwomba ayafute maneno hayo. Chai ya karafuu tunywe, na hospitali twende.

Tena tusisahau kwamba fedha na dawa zimo kwenye mafuta yale yale, na tunayapoteza uani kwetu kabla karafuu haijafika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu zetu. Nimeona mwaka huu karafuu zimeanikwa juu ya lami, gari likipita zinatimuliwa vumbi. Nimeona nyingine zimelundikwa mbichi kwenye gunia usiku kucha mpaka zikachemka, asubuhi zimepauka na harufu imekuwa ya uchachu. Karafuu iliyokaushwa vizuri juu ya jamvi huwa ya hudhurungi, kichwa chake kipo, ukiivunja inakatika, ukiibonyeza kwa ukucha inatoa mafuta. Tia chache ndani ya bilauri ya maji: nzima huzama au husimama wima, iliyopungukiwa mafuta hulala juu ya maji. Jipimieni wenyewe kabla ya kugombana na mpimaji.

Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo msiyatupe wala msiyachanganye na karafuu ili kuongeza uzito. Yana mafuta, na kiwanda cha kuyakamua kiko hapa hapa Pemba.

Kuhusu soko, vijana waelewe tulikotoka. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kwetu. Karne iliyofuata mnunuzi wetu mkubwa akawa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku kwenye sigara za kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, ikajitosheleza, na bei ikaporomoka. Wapo miongoni mwetu ambao wazee wao waliiona mikarafuu ikigeuzwa makaa. Serikali ilipoamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, watu wakarudi mashambani. Lakini bei hiyo ya dunia haipangwi Chake wala Wete, na mimi siamini kwamba itabaki nzuri daima.

Wachumaji: anayelipwa kwa pishi ana haraka, na haraka huvunja matawi. Tawi lililovunjika halizai msimu ujao. Kamati inapendekeza mwenye shamba awepo wakati wa kuchuma, kamba na ngazi zikaguliwe kwanza, na mtoto asipandishwe juu. Hili la mwisho sitalijadili na mtu.

Miche ya kitalu iko tayari. Ipandwe penye kivuli cha migomba, maana jua kali linaiua ikiwa changa. Kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, hatutawapa miche waliochukua mwaka jana wakaiacha ikaliwa na mbuzi.

Leo mtapiga kura mbili. Ya kwanza ni kuongeza ada ili tununue majamvi ya pamoja. Ya pili ni kupeleka sampuli ya mafuta maabara, ili wanaotaka biashara ya dawa warudi mkutano ujao wakiwa na majibu mkononi. Mimi nitaziunga mkono zote mbili. Karatasi za kura anazo katibu pale mlangoni.