Barua kwa mwanangu aliyeko chuo cha kijeshi Monduli

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Mwanza hatujambo. Umeniuliza inakuwaje raia ambaye hajawahi kusimama gwaride amwamuru jenerali, na kama jeshi la namna hiyo linaweza kupigana vizuri.

Tazama jeshi la Uganda tulilopigana nalo. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, alilivunja Bunge, maafisa wakafanywa mawaziri na magavana, na wengine wakagawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka uliofuata. Askari wazoefu wa Kiacholi na Kilango waliuawa au wakakimbia nchi, na vyeo wakapewa waliomridhisha mkubwa. Jeshi hilo lilikuwa na vifaru na ndege za MiG, na Oktoba 1978 liliikalia ardhi yetu hadi mto Kagera, lakini lilipokabiliwa na watu waliojipanga halikustahimili, hata kwa msaada wa Libya, ambayo ndege yake ilikuja kuupiga mji huu ikaishia kuua swala wa Kisiwa cha Saanane. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Afisa anayeshinda dukani au wizarani atawafunza askari wake saa ngapi?

Kwetu, aliyeamua tupigane alikuwa Mwalimu Nyerere, raia. Namna ya kupigana waliitafuta makamanda kina Jenerali David Msuguri.

Hatukuanza hivyo, lakini. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, waliasi wakidai mishahara na maafisa Waafrika, hata serikali ikalazimika kuwaita Waingereza waje kuwazima. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, iliyoundwa Septemba mwaka huohuo ilifungamanishwa na chama tawala, jambo ambalo lilileta utulivu, ingawa mimi sikulipenda, kwa kuwa kumtii Amiri Jeshi Mkuu aliyewekwa na katiba ni tofauti na kukitumikia chama. Afadhali leo katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote.

Unalalamika kwamba wabunge wanahoji fedha za jeshi ilhali hawaijui kazi yenu. Wengine hawaijui kweli, na ni wajibu wa makamanda kuwaeleza kwa uvumilivu, na kumpinga waziri ndani ya kikao kabla uamuzi haujatoka. Lakini waache wahoji: wasipouliza wao, nani atajua kama fedha za buti na risasi zimewafikia askari?

Mama yako