Jiwe la msingi halihitaji vijana wanne

Mhariri,

Skuli zetu hufundisha nyenzo, yaani vyombo vya kuinulia mzigo kwa kuegemea nukta moja, kwa mchoro wa ubaoni, na nje ya ukuta vijana wanne wanahemea jiwe moja la msingi. Mtaimbo wa sentimita 150 ungetosha. Weka egemeo, yaani kitu ambacho mtaimbo hulalia, sentimita 15 kutoka ncha iliyo chini ya jiwe. Upande wa mkono hubaki 135, yaani mara 9 ya upande wa jiwe. Jiwe la kilo 180 likiinuliwa ukingo mmoja tu, ncha hubeba kiasi cha kilo 90, na mkono hukandamiza kama kilo 10. Malipo yake ni mwendo: mkono ushuke sentimita 45 ili ukingo uinuke sentimita 5. Tia kabari kabla ya kusogeza egemeo, na vidole vikae mbali.

Mara nyingi kinachoharibu kazi ni egemeo lenyewe. Gogo bovu la mnazi husagika, na jiwe dogo juu ya mchanga huzama. Tanguliza ubao mpana chini yake.

Toroli nalo ni wenzo, egemeo lake ekseli ya gurudumu. Mchanga ukirundikwa karibu na vipini, mikono ndiyo hubeba. Usukumeni mbele, hata kama mpakiaji atanuna.

Fundi uashi,
Wete, Pemba