Hamisi, anza na bloku kabla ya supachaja

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Nimeisoma barua yako pamoja na orodha ya vipuri uliyoiambatisha, na nimeelewa unachokitaka: kuitoa injini ya lita 5.0 iliyomo ndani ya Mustang yako ya 1992, kuifunga krenki ya mwendo mrefu (krenki ndiyo mhimili unaozungushwa na pistoni) ili ifikie inchi za ujazo 347, kuipandishia supachaja, yaani mashine ya kuisukumia injini hewa, kisha kuirudisha barabarani ikiwa na nguvu-farasi 600, ilhali kiwandani ilitoka na 225. Umeniuliza supachaja ipi ni bora. Nitalijibu swali hilo, lakini baadaye kidogo, kwa sababu katika orodha yako ndefu kuna kipuri kimoja ambacho hukukiandika kabisa, nacho ndicho kinachoamua mengine yote.

Kipuri hicho ni bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Bloku ya kiwandani ya 302, ambayo ndiyo hiyo lita 5.0 yako ikihesabiwa kwa inchi za ujazo, ni nyepesi, na wepesi wake ni sababu mojawapo ya watu kuipenda, lakini wepesi huo umepatikana kwa kupunguza chuma mahali ambapo wewe unakihitaji, yaani kwenye kuta zinazobeba beringi kuu za krenki na kwenye bonde la tapeti, lililo juu katikati ya safu mbili za silinda. Wajenzi wa injini hizi wanajua kwamba ukipita nguvu-farasi 500 hivi, unaiendesha kwa bahati. Na ikifika mwisho wake haianzi kwa kuvuja oili ili ikuonye, bali hupasuka kwa urefu, kupitia bonde la tapeti hadi kwenye kuta za beringi. Krenki ya chuma cha kufuliwa na pistoni za bei kubwa haziuzuii ufa huo, na mara nyingine hutolewa zikiwa nzima ndani ya bloku iliyokwisha kuwa vipande viwili. Najua wapo wanaofunga fremu ya chuma inayounganisha kofia zote za beringi kuu, wakiamini kwamba itaishika bloku isifunguke. Mimi siitegemei, kwa kuwa fremu inashika kofia zilizo chini, wakati udhaifu uko juu yake, ndani ya bloku yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukibaki na bloku ya kiwandani, chagua kimoja kati ya krenki ndefu na supachaja, ukivitaka vyote viwili, anza kwa kununua bloku. Hesabu yake si ngumu. Injini ya 347 yenye hedi nzuri za alumini (hedi ni vifuniko vya silinda vyenye valvu) na kemshafti inayofaa, yaani mhimili unaofungua valvu, huweza kufikisha nguvu-farasi 400 ikivuta hewa yenyewe, bila kusukumiwa. Ukiisukumia hewa hata kidogo tu, umekwisha kugusa ukomo wa bloku ile, na fedha ulizotoa kwa supachaja zitakuwa zimenunua nguvu usiyothubutu kuitumia. Zipo bloku nzito zinazotengenezwa kwa vipimo vya 302, kama vile Dart SHP na ile ya Ford iitwayo Boss 302, ambazo kofia zake za katikati hushikwa na bolti nne badala ya mbili. Zitaongeza uzito upande wa mbele wa gari, hilo sikatai, lakini zinaibadilisha kabisa hesabu ya nguvu unayoweza kuitumia.

Tuseme umekubali kununua bloku. Bado ningekuomba uitazame upya namba 347. Krenki ya 302 humpa pistoni mwendo wa milimita 76.2, ya 347 humpa milimita 86.36, na katikati iko ya 331, yenye milimita 82.55, ambayo watu huiruka kwa sababu tu namba yake ni ndogo. Urefu wa bloku kutoka katikati ya krenki hadi juu haubadiliki, kwa hiyo kila milimita unayoipa krenki na konrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni, lazima uinyang'anye pistoni. Pistoni ya kawaida ya 302 ina milimita 41 hivi kutoka katikati ya pini hadi juu. Ukifunga konrodi ya milimita 137.2, pistoni ya 331 inabaki na milimita 30, na ya 347 inabaki chini ya 28, kiasi kwamba tundu la pini linaingia ndani ya mfereji wa ringi ya oili na kuhitaji kipande cha kuikingia ringi. Katika injini inayovuta hewa yenyewe jambo hilo linavumilika. Chini ya supachaja ningependa chuma kingi zaidi juu ya ringi ya kwanza na kati ya ringi na ringi, kwa kuwa hapo ndipo pistoni huvunjika mafuta yanapolipuka kabla ya wakati wake.

Inchi 16 za ujazo unazoziacha ni karibu asilimia 5 ya injini. Ukiwa na supachaja, asilimia 5 hiyo unairudisha kwa kuongeza msukumo wa hewa usiofika bar 0.1, jambo ambalo hufanywa kwa kubadilisha puli. Hii ndiyo sababu sielewi kwa nini mtu mwenye supachaja ang'ang'anie kila milimita ya krenki. Tena kasi ya wastani ya pistoni kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ni mita 15.2 kwa sekunde katika 302, mita 16.5 katika 331 na mita 17.3 katika 347, na bolti za konrodi huibeba tofauti hiyo kila pistoni inapofika juu na kugeuza mwendo.

Pistoni zenyewe ziagize za kufuliwa za aloi ya alumini ya 2618. Hutanuka zaidi ya zile za aloi ya 4032 na huhitaji nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda, kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi utazisikia zikigongagonga kidogo. Hilo lisikutie hofu, kwa maana aloi hiyo hustahimili mapigo ambayo yangeipasua nyingine. Juu yake ziwe na bakuli. Silinda moja ya 331 yenye kipenyo cha milimita 102.36 ina ujazo wa sentimita za ujazo 679, na ukitaka uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa lazima iwe sentimita za ujazo 85. Chemba ya hedi na unene wa gasketi havikufikishi hapo, kwa hiyo kilichosalia hutoka kwenye bakuli la pistoni. Usikubali kuuziwa pistoni bapa kwa maneno kwamba mgandamizo mkubwa huleta nguvu zaidi, kwani nguvu utaipata kwa supachaja, na mgandamizo ukizidi utakulazimisha kurudisha nyuma muda wa kuwasha hadi upoteze ulichokitafuta.

Fundi wa kuchonga silinda mwambie afunge bamba la kukazia juu ya bloku kabla ya kusugua kwa mara ya mwisho, ili silinda ziwe duara zikiwa zimebanwa kama zitakavyobanwa na hedi. Mapengo ya ringi ya juu yawe milimita 0.6 hivi, wakati injini ya kawaida ya kipenyo hicho ingetosheka na chini ya 0.5, kwa maana ringi zilizopashwa moto na supachaja hurefuka, na ncha zake zikikutana hazina pa kwenda isipokuwa kung'oa kipande cha pistoni. Krenki ikiwa ndani, izungushwe kwa mkono duru nzima, na kila bolti ya konrodi ikaguliwe inapopita karibu na sehemu ya chini ya silinda na karibu na kemshafti. Bloku nyingine hudai kutolewa chuma kidogo hapo, na kazi hiyo hufanywa kabla ya kuosha bloku, si baada ya kufunga beringi.

Kuna jambo moja dogo ambalo limewaharibia wengi. Injini za 302 za kuanzia 1982 zilisawazishwa kwa uzito wa nje wa aunsi-inchi 50 (uzito mara umbali wake kutoka katikati ya krenki), na za kabla ya hapo kwa aunsi-inchi 28, na krenki nyingi za stroka, yaani za mwendo mrefu, zinazouzwa sasa hutaka 28 au hazitaki uzito wa nje kabisa. Puli kubwa ya mbele na flaiwili yako ya sasa, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki, ni za 50. Ukizirudisha bila kuuliza, utapata mtikisiko ambao hakuna atakayeutibu kwa kurekebisha kompyuta.

Sasa nije kwenye swali lako. Supachaja za aina ya Roots, ambazo asili yake ni pampu ya hewa iliyopewa hataza mwaka 1860, kabla hata motokaa haijazaliwa, pamoja na zile za parafujo mbili, hukaa juu ya injini na kutoa msukumo karibu wote tangu mizunguko ya chini. Hisia yake ni tamu, sitakudanganya. Lakini krenki yako ndefu imekwisha kukupa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa kutosha huko chini, na matairi ya barabarani hayawezi kushika kiasi kinachozidi hapo; utakuwa unachoma mpira tu na huendi mbele. Supachaja ya feni hufungwa mbele ya injini, na msukumo wake hupanda kadiri mizunguko inavyopanda, kwa hiyo inaongeza pale ambapo krenki imeanza kuishiwa. Tena haikulazimishi kukata boneti, na bomba lake hupitishwa kwa urahisi kwenye intakula, kipoozeo cha hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kwa gari lako, ningechukua hiyo ya feni, yenye puli ya kuanzia bar 0.7.

Intakula usiione kama pambo. Hewa ikikandamizwa hupata moto, kama unavyouhisi kwenye pampu ya baiskeli, na kwa msukumo wa bar 0.7 hewa iliyoingia ikiwa na digrii 27 huweza kutoka ikiwa imepita 90 hata kwa supachaja yenye ufanisi mzuri. Hewa ya moto kiasi hicho ndiyo mwanzo wa injini kugonga. Kemshafti nayo iwe na umbali mkubwa kati ya vilele, digrii 114 au karibu na hapo, ili valvu za kuingiza na za kutoa zisikae wazi pamoja kwa muda mrefu na hewa uliyoigharimia isipite moja kwa moja kwenda ekzosi.

Upande wa mafuta, kwa nguvu-farasi 600 nozeli nane zenye uwezo wa sentimita za ujazo 560 kwa dakika zitakuwa zinafanya kazi kwenye ukomo wake salama, kwa hiyo chukua kubwa zaidi, pamoja na kirekebishi cha shinikizo kinachopanda sawasawa na msukumo wa hewa na pampu inayoweza kulihimili shinikizo hilo. Mchanganyiko chini ya msukumo uwe kati ya 11.5 na 12 za hewa kwa 1 ya petroli. Muda wa kuwasha anza kwa kurudisha nyuma digrii 1 kwa kila bar 0.07, kisha fundi wa kompyuta aongeze taratibu kwenye mashine ya kupimia nguvu akiwa na petroli ileile utakayoitumia kila siku. Wengi hupima na petroli ya mbio ili wapate karatasi ya kuwaonyesha rafiki zao, halafu hurudi barabarani na mafuta mengine. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa hatua moja au mbili, na pengo lake lipunguzwe.

Giaboksi yako ya T-5 ilikadiriwa kubeba msokoto wa nyutoni-mita 400 hivi. Injini hii itaupita kwa mbali, hivyo bajeti ya giaboksi, klachi na breki iandike leo katika orodha ileile, hata kama itakubidi kuanza na puli ndogo ya krenki na msukumo mdogo kwa msimu wa kwanza. Hilo si aibu hata kidogo, na bloku nzuri itakungoja.

Naomba unijibu mambo mawili kabla hujamlipa mtu yeyote: kama uko tayari kununua bloku, na kama boneti ya sasa lazima ibaki. Ukiniambia hapana kwa swali la kwanza, nitakuandikia orodha nyingine ya 347 isiyo na supachaja, nayo itakuwa fupi na nafuu kuliko hii uliyonitumia. Hedi usiziagize bado, kwa sababu ujazo wa chemba zake ndio utakaotuambia bakuli la pistoni liwe na kina gani.

Nisalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
Idrisa