Barua ya wazi kwa kaka yangu, kuhusu mwezi na ngalawa ya Baba

Kaka yangu mpendwa, shikamoo.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu maneno yaliyonichoma nawe uliyasema hadharani, siku ya matanga, majirani wote wa Sahare wakiwa mkekani: kwamba mwalimu anayewasomesha watoto wa watu habari za mwezi ameshindwa kuuangalia mwezi huohuo, akaipoteza ngalawa ya baba yake. Nilikuwa nimeshika sinia la wali. Watu walicheka, nami nikaendelea kulishika mpaka vidole vikafa ganzi.

Sasa nisikilize. Bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa kuwa nyakati hizo jua, dunia na mwezi hukaribia kukaa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua, ambao katika kuyainua maji hauifikii hata nusu ya nguvu ya mwezi, huongezeka juu yake. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana, tukapata maji mafu. Hayo niliyajua. Nilichokisahau ni kwamba bahari huchelewa, na maji makubwa kabisa aghalabu hufika siku moja au mbili baada ya mpevu. Usiku ule ulikuwa wa kumi na sita tangu mwezi uandame. Nilidhani maji yameanza kupungua, nikaivuta ngalawa hadi kwenye mstari wa mwani ulioachwa na maji ya jana yake, nikaifunga kwenye mkoko na kurudi ndani, kwani Baba alikuwa akihema kwa shida. Kabla ya adhana ya alfajiri maji yaliupita ule mstari. Nilikuta kipande cha kamba na mrengu mmoja umenasa kwenye mizizi.

Tena ni wewe uliyenifundisha mwezi! Nilikuwa na miaka saba nilipokuuliza kwa nini hautupi kisogo. Ukaniambia niuzunguke mnazi wa uani bila kuuondolea macho, na kila hatua ukauliza ninaona nini nyuma yake: kisima, jiko la Mama, bahari, kisha kisima tena. "Umeuzunguka mnazi mara moja," ukasema, "na wewe mwenyewe umejizungusha mara moja." Ndivyo ufanyavyo mwezi kwa siku 27 na theluthi hivi, na ndiyo sababu binadamu hawakuuona upande wake wa pili hadi mwaka 1959, chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipoupiga picha. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo vizuri kuliko hivyo. Basi ulikosa nini siku ya matanga, hata usiniulize kwanza?

Nikushauri, ingawa mimi ni mdogo wako: ukitaka kumlaumu mtu kwa maji, uliza kwanza yalijaa saa ngapi. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, maana dunia ikimaliza mzunguko wake hukuta mwezi umeshasogea mbele, ikalazimika kuufuata. Mimi nilizifuata saa hizo kwa miezi minane, nikizipatanisha na dawa za Baba, vipindi vya shule na zamu za kuvua, nikakosea usiku mmoja. Wewe ulikuwa Muscat.

Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu, na hujitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Hupimwa kwa miale ya leza inayorushwa kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Marekani walianza kuviacha huko mwaka 1969. Katika miaka 12 tangu uondoke, mwezi umesogea karibu dhiraa moja. Mama huhesabu miandamo tu, na kila unapoonekana huuliza kama umepiga simu. Nimechoka kumdanganya.

Ule mrengu nimeutundika ukutani. Fundi amepata mwembe mzuri wa kuchonga ngalawa nyingine, lakini anataka fedha zote kabla ya kuukata. Nusu yangu ipo.